Habari za Ukumbi wa Bow, na Ukumbi Wetu



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu, wenzetu wameandika habari za mizani, za magunia, za malipo ya kwanza na ya pili, na za lori letu ambalo wengi wetu twalijua kwa mlio wake kabla halijaonekana. Hayo yote yastahili kuandikwa. Sisi wa afisi ya Katibu tulipewa kurasa hizi chache ili tuandike historia, na badala ya kurudia hesabu zilizokwisha kutajwa mahali pengine, tumeona yafaa tuwasimulie habari za nyumba moja iliyo mbali sana nasi, katika mtaa wa maskini wa jiji la London. Msomaji asituone tumepotea njia. Nyote mwajua kwamba nyuma ya ghala letu pana ukumbi uliojengwa kwa makato ya wanachama, na nyote mwajua kwamba mfanyabiashara mmoja ameomba kuukodi aufanye bohari ya mbolea na saruji. Kodi anayotaka kulipa ni nzuri. Tulipokuwa tukitafuta asili ya ule msingi wa saba wa ushirika, unaotuagiza kuijali jamii inayotuzunguka, ndipo tulipokutana na habari hizi, nasi hatukuweza kuziacha kando.

Mtaa wenyewe waitwa Bow, upande wa mashariki wa London. Mwanzoni mwa karne ya ishirini upande huo ulikuwa makao ya wachukuzi wa bandarini, wafanya kazi wa viwanda, na watu wasio na kazi yoyote. Hapo Bow ndipo kilipokuwa kiwanda kikubwa cha viberiti ambacho wasichana wake waligoma mwaka wa 1888, wakashinda, na habari zao zikaenea nchi nzima. Familia nyingi zilikaa chumba kimoja au viwili. Matajiri wa London waliuona upande huo kupitia madirisha ya gari la moshi tu, wakielekea makwao nje ya mji.

Mmoja katika waliouona kwa namna hiyo alikuwa Bibi Muriel Lester, aliyezaliwa mwaka wa 1883, binti wa tajiri aliyekuwa na kazi ya kutengeneza meli. Akiwa msichana alialikwa kwenye karamu ya wasichana wa kiwandani huko Bow. Alikwenda kama watu wa daraja lake walivyokwenda, yaani kutazama na kurudi. Lakini aliporudi nyumbani hakupata raha. Akaenda tena, na tena, kisha yeye na mdogo wake Bibi Doris wakahamia kabisa. Hapa twataka kusema neno moja. Wako watu wengi wanaokwenda kwa maskini wakiwa na mifuko ya zawadi na picha za kupiga, nasi katika miaka hii kumi tumewapokea kadha wa kadha, tukawaandalia chai. Tofauti ya dada hawa wawili ni kwamba walikaa. Walipanga nyumba mtaani, wakajua nani amefukuzwa kazi na mtoto wa nani ana kifaduro.

Ndugu yao mwanamume, jina lake Kingsley, alifariki mwaka wa 1914 akiwa bado kijana. Baba yao akanunua kanisa kuukuu lililokuwa halitumiki tena, na mwezi wa Februari 1915 likafunguliwa kuwa nyumba ya wenyeji wote, likaitwa Kingsley Hall kwa ukumbusho wake. Nia ilikuwa kuwa na mahali ambapo mtu akitoka kazini jioni aweza kuingia, akaota moto, akasoma gazeti, akazungumza na wenzake, bila kulazimika kununua pombe na bila kuulizwa dini yake wala chama chake cha siasa.

Utazameni mwaka huo wenyewe. Februari 1915 Vita Kuu ilikuwa imekwisha anza miezi sita nyuma. Dada hawa walikuwa ni watu wa amani. Bibi Muriel alijiunga tangu mapema na Umoja wa Upatanisho, ule uliozaliwa Cambridge mwezi wa Desemba 1914, ambao wafuasi wake walikataa kwamba Mkristo aweza kumwua mtu kwa sababu serikali mbili zimegombana. Katika mtaa ambao kila nyumba imetoa kijana kwenda vitani, kusema maneno hayo ni jambo zito. Mwezi wa Mei mwaka huo meli iitwayo Lusitania ilizamishwa na Wajerumani, na mara makundi ya watu upande ule wa mashariki wakavunja maduka ya waoka mikate na wauza nyama wenye majina ya Kijerumani, ingawa wengi wao walikuwa wamekaa hapo miaka mingi na watoto wao walikuwa wamezaliwa hapo. Tarehe 13 Juni 1917 ndege za Wajerumani zilikuja mchana kweupe, na bomu moja likaanguka katika shule ya Upper North Street, huko Poplar, si mbali na Bow. Watoto 18 waliuawa, wengi wao wadogo kabisa.

Tumelikalia jambo hili tukalifikiri. Ni rahisi kuhubiri amani mahali ambapo hapajamwagika damu. Kuihubiri katika mitaa ya majirani waliozika watoto wa darasa moja, na bado ukaachwa mlango wako wazi, hilo ndilo gumu. Nasi twaona kwamba watu wale hawakuweza kuvumiliwa kwa hoja zao. Walivumiliwa kwa sababu walikuwa jirani. Mama aliyekasirishwa na maneno ya Bibi Muriel juu ya vita alikuwa ni yule yule ambaye mtoto wake hulelewa hapo ukumbini wakati yeye yuko kazini. Amani na msaada viliingia kwa mlango mmoja, na kama ungaliufunga wa msaada, wa amani nao ungalikuwa umefungwa.

Baada ya vita kazi iliongezeka. Poplar, ambayo Bow ilikuwa sehemu yake, ilikuwa na maskini wengi kupita mitaa mingi ya London, na maskini hao ndio waliotakiwa kulipia gharama za kuwasaidia maskini wenzao, ilhali mitaa ya matajiri ililipa kidogo. Mwaka wa 1921 madiwani 30 wa Poplar, wakiongozwa na Bwana George Lansbury, walikataa kutoza kodi iliyokuwa haki ya halmashauri kuu, wakafungwa gerezani, wanaume kwa wanawake, yapata majuma sita. Walipotoka, sheria ilibadilishwa na mzigo ukagawanywa kwa usawa zaidi. Bibi Muriel aliingia baraza hilo la Poplar mwaka wa 1922, akashika kamati ya afya ya akina mama na watoto. Bibi Doris yeye alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Nyumba ya Watoto ilijengwa mwaka wa 1923, ikafunguliwa na Bwana H. G. Wells, mwandishi wa vitabu. Bibi Doris huandikwa mstari mmoja mahali ambapo dada yake huandikwa ukurasa, na hii si haki, kwa maana nyumba haidumu kwa hotuba; yadumu kwa mtu anayefika kila siku saa ile ile na ufunguo mkononi. Kila chama cha ushirika kinamjua mtu wa namna hiyo.

Katika mwaka huo huo wa 1921 ilianzishwa pia jamii ndogo iliyoitwa Ndugu wa Meza Moja. Walikutana, na kila mmoja akasema waziwazi amepata kiasi gani na anahitaji kiasi gani. Aliyekuwa na ziada aliiweka mezani, na aliyepungukiwa aliichukua, pasipo riba na pasipo deni. Wasomaji wetu akina mama watasema huu ni upatu. Si upatu hasa, kwa maana katika upatu kila mtu hutoa sawa na hupokea sawa kwa zamu, na hapo ndipo penye usalama wake. Hawa walitoa kwa uwezo na kupokea kwa haja. Twakiri kwamba sisi wa afisi, tuliozoea stakabadhi, tulitikisa vichwa tulipoyasoma haya. Jamii hiyo ilibaki ndogo, wala hatushangai: kumwambia jirani mapato yako yote ni kazi ngumu kuliko kumpa shilingi.

Lakini jambo jingine lilitugusa zaidi. Baba yao alipofariki mwaka wa 1927, Bibi Muriel alikataa kuula urithi wake. Alisema fedha hiyo haikuwa yake, akauita mfuko wake Mfuko wa Marejesho, yaani kumrudishia mtu kilicho chake. Kisha hakuamua mwenyewe itumikeje. Aliwaachia wenyeji wa Bow waamue. Nao, baada ya kushauriana, hawakuchagua sanamu wala karamu. Walichagua kuwalipa wanawake wasaidizi wa nyumbani, ambao mama akiugua au akijifungua wataingia nyumbani mwake, wapike, wafue, wawatazame watoto, mpaka ainuke. Hebu fikirini, ingekuwa fedha hiyo imetolewa na afisi fulani kubwa yenye wataalamu, je, wangalilikumbuka jambo hilo? Sisi twadhani wangalijenga mnara wa saa.

Ukumbi wa kwanza ukawa mdogo. Mpya ulijengwa barabara ya Powis, jiwe la msingi likawekwa mwaka wa 1927, nao ukafunguliwa mwezi wa Septemba 1928. Juu ya paa palijengwa vyumba vidogo vya wale waliokaa hapo kufanya kazi kwa kujitolea, kila chumba kikiwa na nafasi ya kitanda na vitu vichache tu. Wakaaji walisugua sakafu kwa zamu, msomi na asiye msomi.

Katika chumba kimoja cha juu ya paa hiyo ndipo alipolala mgeni aliyeufanya ukumbi ujulikane duniani. Bibi Muriel alikuwa amekwenda India mwaka wa 1926, akakaa kwa Mahatma Gandhi huko Sabarmati. Mwaka wa 1931 Gandhi alipoitwa London kwenye Mkutano wa Meza ya Duara kuzungumza habari za utawala wa India, angeweza kulala hoteli kubwa. Alichagua Bow. Alifika tarehe 12 Septemba, akakaa mpaka tarehe 5 Desemba, majuma 12. (Wapwani wenzetu watapenda kujua kwamba mtu huyu aliijua pwani yetu: mwaka wa 1893, alipokuwa kijana anakwenda Natal, safari yake ilipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar.) Mkutano ulikuwa katika jumba la mfalme la St James's, mbali na Bow, na rafiki zake walinung'unika kwamba njia ni ndefu na wakubwa hawawezi kumfikia. Ikapatikana nyumba ya kupokea wageni huko Knightsbridge, walakini usiku alirudi kulala Bow, hata kama ni usiku wa manane.

Alfajiri, kabla hakujapambazuka, alitoka kutembea katika mitaa na kando ya mfereji, amevaa shuka yake na blanketi katika baridi ya Uingereza, na majirani wakatembea pamoja naye. Watoto walimwita Mjomba Gandhi. Tarehe 2 Oktoba alitimiza miaka 62, na watoto wa Bibi Doris wakampelekea zawadi: mbwa wawili wa sufu wa kuchezea, mishumaa mitatu ya waridi, sahani ya bati, kalamu ya buluu na peremende. Alivichukua akaenda navyo India. Askari wawili wa upelelezi waliopewa kazi ya kumlinda walizoeana naye sana, hata alipoondoka aliomba wamsindikize mpaka Brindisi, na baadaye akawapelekea kila mmoja saa.

Mwezi wa Septemba alikwenda pia Lancashire, mkoa wa viwanda vya pamba. Wahindi walikuwa wanasusia nguo za kigeni, na kule watu wengi walikuwa wamekosa kazi. Sehemu ya lawama iliangukia kwake. Tarehe 26 alikuwa Darwen. Wengi walitazamia atazomewa. Wafanya kazi, wanawake kwa wanaume, walimshangilia. Alikuwa amewaeleza taabu ya mwanakijiji wa India, nao, kwa kuwa wenyewe walikuwa na njaa, waliifahamu.

Mkutano wa London haukufaulu. Gandhi alirudi India, na mapema Januari 1932 akatiwa kifungoni. Mtu aweza kuuliza, basi majuma 12 ya Bow yalileta nini? Hayakuleta mkataba wowote. Yaliwafanya watu wa mtaa mmoja wa London wakatae kuambiwa kwamba yule ni adui, kwa sababu walimjua. Amepita mlangoni kwao akawajulia hali. Kwa maoni yetu hilo si dogo. Serikali hufanya mapatano, lakini mapatano hayasimami pasipo watu wanaojuana.

Hapa twafika mahali ambapo habari hizi zinaugusa ushirika wenyewe. Wanawake wa ushirika wa Uingereza walikuwa na chama chao tangu mwaka wa 1883, nacho kwa miaka mingi kiliongozwa na Bibi Margaret Llewelyn Davies, katibu wake kutoka mwaka wa 1889 mpaka 1921. Walikuwa wake wa wafanya kazi, wanunuzi katika maduka ya ushirika, waliokutana jioni na vikombe vya chai kujifunza kuongoza mkutano na kusoma hesabu. Hao hao ndio walioshika neno la amani. Mwaka wa 1933, katika siku za kukumbuka waliokufa vitani, walianza kuvaa ua jeupe la mpopi, ili kusema kwamba kuwakumbuka wafu hakutoshi. Budi kuahidi pia kwamba vita havitarudiwa. Wengi wa wanawake hao walikuwa wajane na mama wa waliouawa. Chama hicho kilifungwa mwaka wa 2016, lakini ua lao jeupe lingali linavaliwa.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yalikuwa mapambo yaliyoongezwa baadaye juu ya biashara. Wale waanzilishi 28 wa Rochdale, waliofungua duka lao Toad Lane tarehe 21 Desemba 1844 wakiwa na unga, siagi, sukari, unga wa shayiri na mishumaa, hawakukaa miaka mingi kabla hawajafungua chumba cha kusomea na kutenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Chumba hicho nacho kingaliweza kuwekwa magunia.

Ukumbi wa Bow wenyewe ulipita katika mashaka. Bibi Muriel alizunguka dunia akisema habari za upatanisho; mwaka wa 1941 serikali ya nchi yake ilimzuia huko Trinidad na kumrudisha nyumbani kwa sababu ya maneno yake. Bibi Doris alifariki mwaka wa 1965, na dada yake mwaka wa 1968. Kutoka mwaka wa 1965 mpaka 1970 jengo lilitumiwa na daktari R. D. Laing na wenzake kwa kuishi pamoja na wagonjwa wa akili, kazi ambayo watu wangali wanabishana juu yake. Baadaye likachakaa. Wenyeji ndio waliolipigania, na filamu ya Bwana Richard Attenborough juu ya Gandhi, iliyotoka mwaka wa 1982, iliwasaidia kupata fedha na kusikilizwa. Lilifunguliwa tena mwaka wa 1985.

Sasa turudi nyumbani. Miaka miwili nyuma, wakati wa kiangazi kile kirefu, ng'ombe waliingia mashambani kando ya mto. Ng'ombe wakakatwa mapanga, na usiku wa pili vibanda viwili vikateketezwa. Wazee wa wafugaji hawakutaka kwenda kwa wakulima, wala wakulima kwa wafugaji, na afisi nyingine zote kila upande ulizishuku. Mahali pamoja tu palikubaliwa na wote, nao ulikuwa ukumbi wa Chama, kwa maana pande zote mbili zina wanachama, na pande zote mbili zimekwisha kukaa kwenye mabenchi yale zikisubiri malipo. Walikaa siku tatu. Maharage yalitoka kwa wanachama, kuni pia, na akina mama wa pande zote mbili wakapika katika sufuria moja kubwa, ingawa siku ya kwanza hawakusemezana. Siku ya tatu njia ya mifugo ya kwenda mtoni ikaandikwa, ikatiwa saini na vidole gumba.

Katika daftari la mapato ya ukumbi siku hizo tatu zimeandikwa sifuri, na mkaguzi wa hesabu alituuliza kwa nini. Tulimjibu kwa mdomo, naye akaandika kwamba ukumbi hautumiki kwa faida. Hatumlaumu; hana safu ya kuandikia jambo kama lile. Na kwa haki yatupasa kusema kwamba paa linavuja, kwamba kodi ya bohari ingalitosha kuliezeka katika mwaka mmoja, na kwamba wajumbe wanaoitaka kodi hiyo ni watu wanaokipenda Chama kama sisi.

Ombi la mfanyabiashara limo katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, kifungu cha sita. Daftari la ukumbi la miaka yote kumi liko juu ya meza ya Katibu, na mwanachama yeyote aweza kuja kulisoma siku ya kazi, asubuhi mpaka saa nane.